Likeni na Usafi wa Hewa: Maswali Ambayo Walimu Huuliza Mara kwa Mara

Maelezo haya ni ya walimu wa sayansi na walezi wa klabu za mazingira wanaotaka kuwatoa wanafunzi nje wakachunguze uchafuzi wa hewa kwa kutazama kile kinachoota kwenye gome la mwembe wa shule. Maswali yana namba. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, fuata namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Likeni ni nini, na mwanafunzi ataitambuaje?

Likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja. Kuvu ndiyo inayojenga mwili: inashika gome, inahifadhi maji na kuukinga mwani na jua kali. Mwani una klorofili, kwa hiyo ndio unaotengeneza chakula na kuilisha kuvu. Kwenye baadhi ya likeni nafasi ya mwani inashikwa na sianobakteria, na aina zake kadhaa zina uwezo wa kunasa nitrojeni kutoka hewani.

Kwa macho, likeni ni yale madoa, vijani au nyuzi za kijivu, nyeupe, njano au kijani kilichofifia unazoziona kwenye magome, mawe na vigae vya paa. Njia nzuri ya kuanza somo ni chupa ya kupulizia maji. Chagua doa kavu la kijivu, lipulizie mara tatu, kisha waambie watoto watulie na kutazama. Ndani ya dakika moja au mbili kijivu kinageuka kijani, wakati mwingine kijani kibichi kabisa. Tabaka la juu la kuvu likiloa linapitisha mwanga, na mwani uliojificha chini yake unaonekana. Mwanafunzi akishaona hivyo, hahitaji tena kukariri kwamba "likeni ni viumbe viwili".

2. Kwa nini tutumie likeni na siyo majani ya mti wenyewe?

Mti una mizizi, na majani yake yamefunikwa na nta. Likeni haina mizizi wala nta. Maji na madini yake yote inayapata kwa mvua, umande, ukungu na vumbi, na inayafyonza kwa mwili mzima bila kuchagua. Jani likijaa sumu linapukutika na jingine linachipua. Likeni haipukutishi kitu; inabaki na mzigo wake mwaka hadi mwaka.

Gesi iliyochunguzwa zaidi ni dioksidi ya salfa, inayotoka kwenye makaa ya mawe na mafuta yenye salfa nyingi. Ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Asidi hiyo inaondoa magnesi katikati ya molekuli ya klorofili, na klorofili isiyo na magnesi haiwezi kufanya usanisinuru. Mwani unakufa kwanza, kisha kuvu inakosa mlishaji. Ndiyo maana likeni inayoumwa huonekana kupauka kabla haijabanduka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1866 mtaalamu William Nylander alieleza kuwa bustani ya Luxembourg mjini Paris ilikuwa na likeni zilizotoweka kwingine mjini humo, akazitaja kama kipimo cha usafi wa hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maelfu ya watoto wa shule Uingereza walishiriki kuchora ramani ya uchafuzi wa hewa kwa kutazama likeni za mtaani kwao.

3. Kwa hiyo likeni nyingi maana yake hewa safi?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi za shule. Zipo likeni zinazopenda mazingira ambayo nyingine haziwezi kuyavumilia. Miji ya Uingereza iliyojaa moshi wa makaa ya mawe ilikuwa na likeni moja ya kijani-kijivu, *Lecanora conizaeoides*, iliyotapakaa kila mti. Baada ya moshi mzito wa London wa Desemba 1952, na Sheria ya Hewa Safi ya 1956 iliyofuata, salfa ilipungua mwaka hadi mwaka. Likeni hiyo nayo ikaanza kutoweka huku nyingine zikirudi.

Usiulize tu "zipo ngapi?" Uliza "zipo za umbo gani, na mti wa aina hiyohiyo kule mbali na barabara una zipi?" Kazi nzima ni ulinganisho. Mti mmoja peke yake haukuambii kitu.

4. Likeni zinanyonya mti? Wazazi wanazikwangua kwenye miembe yao.

Hazinyonyi. Zinakaa juu ya gome na kujitengenezea chakula. Dhana hiyo inatokana na mti mzee au mgonjwa kuonekana na likeni nyingi: majani yakipungua, mwanga mwingi unafika kwenye shina na matawi, na likeni zinanawiri. Mti umedhoofika kwanza, likeni zikafuata. Kukwangua hakumponyi mgonjwa, na kunalijeruhi gome.

5. Somo hili linafaa wanafunzi wa umri gani?

Kuanzia miaka tisa hivi wanaweza kufanya zoezi la maumbo matatu (swali la 11) na kuhesabu visanduku. Wa sekondari waongeze kemia ya swali la 2, wastani na mtawanyo wa takwimu (swali la 15), na watenganishe aina ndani ya kila umbo kwa kuzipa majina yao wenyewe, kama "jani la kijivu lenye unga pembeni". Majina ya Kilatini hayahitajiki. Hata wataalamu huhitaji darubini na kemikali kutofautisha baadhi ya likeni za ukanda wa joto.

## Kujiandaa

6. Vifaa gani vinahitajika, na fremu inatengenezwaje?

Kwa kila kikundi: fremu moja, tepu ya fundi cherehani, chupa ya kupulizia maji, chaki, penseli, fomu kwenye ubao wa kuandikia, na lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 kama ipo. Lenzi ikikosekana, piga picha kwa simu ukiwa karibu kisha uikuze kwenye kioo. Weka rula kando ya likeni ili ukubwa wake ujulikane. Tumia penseli, siyo kalamu ya wino, kwa sababu fomu zitaloa.

Fremu unaikata kutoka kwenye katoni. Chukua kipande cha sentimita 14 kwa 54, toa dirisha la sentimita 10 kwa 50 katikati, ubaki na ukingo wa sentimita 2 kila upande. Toboa kila baada ya sentimita 10 kwenye pande ndefu, pitisha nyuzi nne kukatisha dirisha, upate visanduku vitano vya sentimita 10 kwa 10. Katoni ni bora kuliko mbao kwa kuwa inajikunja kufuata shina. Funika ukingo kwa selotepu pana, la sivyo maji ya kupulizia yatailegeza kabla ya mti wa tatu.

Ukubwa huo haukubuniwa tu. Ngazi ya visanduku vitano ndiyo inayotumika kwenye kiwango cha Ulaya EN 16413 cha mwaka 2014, ambapo inawekwa pande nne za shina, chini yake ikiwa mita 1 kutoka ardhini.

7. Tuchague miti gani?

Aina moja tu kwa zoezi zima. Magome hutofautiana kwa asidi, ukavu na ukwaruzo, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuzidi ile ya hewa. Ukilinganisha mwembe wa barabarani na msindano wa msituni, umelinganisha magome.

Mwembe unafaa sehemu nyingi: gome lake halibanduki, unapatikana mjini na shambani, na unaishi muda mrefu. Mjakaranda unafaa Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu. Mgrivea unafaa kwenye maeneo ya kahawa na mahindi, ila soma kwanza swali la 20. Acha mkaratusi wa gome laini na mpera, kwa sababu hubambua magome yao, na likeni huondoka nayo. Mti wa namna hiyo utakupa sifuri hata mahali penye hewa safi kabisa.

Mti uwe umesimama wima, uwe na mzunguko wa sentimita 60 au zaidi kwenye urefu wa kifua (mita 1.3), na shina lisilo na kovu la moto, misumari wala mabango. Shina lililoinama linaloa upande mmoja na kukauka mwingine, kwa hiyo liache.

8. Sehemu tatu za ulinganisho tuzipateje?

Anza na chanzo kinachojulikana: barabara kuu, kituo cha daladala au matatu, tanuri la matofali, kiwanda. Sehemu ya kwanza iwe ndani ya mita 20 kutoka hapo, ya pili kama mita 100, ya tatu mita 300 au zaidi. Kila sehemu chagua miti mitano.

Mengine yote yafanane kadiri inavyowezekana: mwinuko, kivuli, umri wa miti. Mwinuko usitofautiane kwa zaidi ya mita 100 hivi. Shule ya Moshi mjini isijilinganishe na msitu wa Kilimanjaro ulio juu ya mita 2,000, ambako ukungu wa kila siku unalea likeni ndefu kama ndevu zinazoning'inia matawini. Tofauti hiyo ni ya unyevu na baridi, na ingekuwepo hata kama Moshi isingekuwa na gari hata moja.

9. Darasa lina wanafunzi 70 na mwalimu ni mmoja. Inawezekana?

Inawezekana ukigawa kazi kwa siku mbili. Siku ya kwanza fanyeni zoezi la kupulizia maji na kutambua maumbo hapohapo shuleni, darasa zima. Siku ya pili nusu wanahesabu huku nusu nyingine wakichora gome na likeni kwa ukubwa wake halisi, kisha wanabadilishana. Kikundi kiwe cha watu watano: mshika fremu, mpulizia maji, mhesabuji, mwandishi, na mhakiki ambaye kazi yake ni kusema "hiyo siyo likeni" (swali la 12). Mhakiki ndiye anayeokoa takwimu, kwa hiyo mpe kazi hiyo mwanafunzi mbishi.

## Siku ya kazi

10. Hatua zenyewe ni zipi?

Pima mzunguko wa mti kwenye mita 1.3 na uuandike. Weka alama ya chaki mita 1 kutoka ardhini upande unaotazama barabara. Kutoka hapo zunguka robo ya mzunguko mara tatu, upate alama nne. Ulaya huanza na kaskazini, lakini karibu na ikweta jua hupita upande wa kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine, hivyo upande wa barabara una maana zaidi kwetu.

Shikilia fremu, ukingo wa chini wa dirisha ukiwa kwenye alama. Tazama kwanza gome likiwa kavu, kisha pulizia maji usubiri dakika moja. Kwa kila umbo hesabu ni visanduku vingapi kati ya vitano vina likeni hiyo, hata kama ni doa dogo kama kichwa cha kiberiti. Usihesabu madoa, watoto watabishana doa moja linaishia wapi na dakika 80 za somo zitakwisha. Kisanduku kina au hakina.

Rudia pande zote nne. Kila umbo linaweza kupata alama kuanzia 0 hadi 20 kwa mti. Kikundi kilichozoea hutumia dakika 10 hadi 15 kwa mti mmoja.

11. Maumbo matatu ni yapi?

*Likeni ukoko* imeshikamana na gome kama ukoko wa wali na sufuria. Huwezi kuiinua kwa ukucha bila kutoka na gome. *Likeni jani* ina pande mbili, juu na chini, na kingo zake zinainuka kidogo ukizigusa kwa ncha ya penseli. *Likeni ndevu* imeshika gome mahali pamoja tu, halafu inasimama kama kichaka kidogo au inaning'inia kama nyuzi.

Kwa ujumla ndevu ndizo dhaifu zaidi mbele ya uchafuzi, zikifuatiwa na jani, na ukoko ndiyo sugu. Sababu kubwa ni eneo la mwili linaloguswa na hewa: ndevu inaguswa pande zote, ukoko upande mmoja tu. Kanuni hii ina vighairi, lakini inatosha kwa somo la shule.

Ukibaki na shaka kati ya ukoko na jani, angalia ukingo kwa lenzi. Ukingo wa jani una ncha za mviringo zilizogawanyika na mara nyingi kivuli chembamba chini yake. Ukingo wa ukoko unafifia ndani ya gome au unaishia kwenye mstari mweusi.

12. Vitu gani huchanganywa na likeni?

Cha kwanza ni utandu wa kijani unaotoka kama unga ukiupaka kidole. Huo ni mwani ulio peke yake, bila kuvu. Upo pia mwani wa rangi ya chungwa wa jamii ya *Trentepohlia*, wenye manyoya laini, unaopenda kuta na magome yenye unyevu. Watu wengi huuita likeni. Ukiusugua unaacha rangi kidoleni na hauna umbo la mwili.

Kuna ile mimea midogo ya kijani inayotandaa kama zulia chini ya shina; ukiitazama kwa lenzi ina vijani halisi. Kuna mavi ya ndege, rangi ya mafuta, utomvu uliokauka na gome lenyewe lililopauka. Jaribio la maji linaondoa mengi ya haya, kwa sababu rangi ya mafuta haigeuki kijani. Ila baadhi ya likeni ukoko nyeupe nazo hubadilika kidogo sana. Zitafute kwa vidoti au mistari myeusi iliyo juu yake kama maandishi. Hizo ni sehemu za uzazi za kuvu.

13. Vikundi viwili vimehesabu mti mmoja vikapata majibu tofauti. Tufanyeje?

Panga hilo tangu mwanzo: kila sehemu, mti mmoja uhesabiwe na vikundi viwili bila kuonana. Tofauti ya alama 1 au 2 ni ya kawaida. Ikizidi hapo, rudini pamoja kwenye mti. Mara nyingi utakuta fremu iliwekwa mahali tofauti, au kundi moja halikupulizia maji. Tatizo la tatu ni ukoko mwembamba uliodhaniwa kuwa gome. Andikeni tofauti hiyo kwenye ripoti badala ya kuifuta.

14. Watoto wabandue sampuli? Na usalama je?

Wasibandue. Likeni jani nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka, na ukoko mara nyingi haufiki hata milimita moja. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinaweza kuwa na umri wa kuwazidi watoto hao. Sampuli za darasani okota kwenye matawi yaliyoanguka.

Kabla ya kuanza, mwalimu azungukie kila mti aangalie siafu, nyuki na upupu. Kwenye sehemu ya barabarani watoto wasimame upande wa ndani wa mti, na upande unaotazama magari uhesabiwe na mtu mzima.

## Kusoma matokeo

15. Tunayafanyia hesabu gani?

Usijumlishe maumbo yote kwanza. Tafuta wastani wa kila umbo kwa kila sehemu. Chukua mfano wa kubuni wa likeni jani. Miti ya barabarani imepata 3, 1, 4, 0 na 2: jumla 10, wastani 2. Ya mita 100 imepata 6, 2, 9, 5 na 8: jumla 30, wastani 6. Ya mita 300 imepata 11, 8, 14, 9 na 13: jumla 55, wastani 11.

Sasa tazama mtawanyo. Barabarani ni 0 hadi 4, mbali ni 8 hadi 14. Havigusani, kwa hiyo tofauti hiyo ni ya kuaminika kiasi. Lakini mita 100 ni 2 hadi 9, inaingiliana na zote mbili. Mwanafunzi anayesema "hewa ya mita 100 ni safi mara tatu kuliko ya barabarani" amekosea mara mbili: miti inaingiliana, na alama za likeni si kipimo cha gesi.

16. Sehemu nzima imetoa sifuri. Ni uchafuzi?

Huenda. Katikati ya miji ya Ulaya yenye viwanda, wataalamu waliita maeneo kama hayo jangwa la likeni. Kabla ya kufikia hapo, ondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine: chokaa (swali la 19), gome linalobanduka (swali la 7), miti michanga, kivuli kizito, ukavu, na mifugo inayojisugua. Tazama pia juu ya mita 2. Likeni zikiwa juu tu, tatizo liko shinani.

17. Likeni za njano na chungwa karibu na barabara zina maana gani?

Nyingi za rangi hiyo huvumilia au hupenda nitrojeni na vumbi. Amonia kutoka zizini, kwenye mbolea au vyooni hupunguza asidi ya gome, na vumbi la barabara ya changarawe hufanya vivyo hivyo. Likeni za magome yenye asidi zinakufa, hizi zinachukua nafasi. Ongeza safu ya "njano/chungwa" kwenye fomu. Ikipanda kadiri mnavyokaribia zizi au barabara, mmepata jambo ambalo idadi peke yake ingelificha.

18. Tunaweza kusema hewa ya shule ina chembechembe kiasi gani? Na kadi za Uingereza za kutambulia likeni kwa picha zinafaa?

Hamwezi. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kikomo cha mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa mwaka, kwa chembechembe ndogo za PM2.5. Hicho kinapimwa kwa mashine. Likeni hazitoi namba hiyo, hazionyeshi monoksidi ya kaboni, na hazijui kitu kuhusu moshi wa jikoni ndani ya nyumba. Zinaonyesha athari iliyojikusanya kwa miaka, na ulinganisho wa mahali na mahali.

Kadi za Uingereza acha. Kipimo cha Hawksworth na Rose cha 1970, chenye ngazi 0 hadi 10, kilitengenezwa kwa salfa na kwa aina za Uingereza. Zoezi la OPAL, mradi wa kule wa kuwashirikisha wananchi kuchunguza mazingira, la mwaka 2009 lilitumia likeni tisa za kule kuangalia nitrojeni. Utaratibu wao tunaweza kuuazima, orodha yao hapana. Mwanafunzi wa Tanga akitafuta picha zile kwenye minazi atapata sifuri na kudhani Tanga haina hewa.

## Hali za pekee

19. Miti yote ya shule imepakwa chokaa.

Hili ni la kwetu hasa, maana vitabu vya nje havilitaji. Chokaa inafunika likeni na kuondoa kabisa asidi ya gome, na athari yake inabaki hata baada ya rangi kufutika. Usihesabu sehemu iliyopakwa. Mkiweza, pandisha fremu hadi sentimita 30 juu ya mwisho wa chokaa, na ufanye hivyo kwenye sehemu zote tatu, hata kwa miti isiyopakwa. Kama miti ya barabarani pekee ndiyo iliyopakwa, tafuta mingine. Uliza mlinzi au mtunza bustani: mara nyingi mti unaoonekana safi leo ulipakwa kwa ajili ya mahafali ya mwaka juzi.

20. Shule yetu iko katikati ya mashamba ya kahawa.

Dawa za ukungu zenye shaba, kama mrututu na jamaa zake, huua kuvu, na likeni ni kuvu kwa sehemu kubwa. Migrivea ya kivuli ndani ya shamba linalopuliziwa inaweza kukosa likeni bila gari lolote kupita. Tumia miti ya nje ya shamba, au geuza swali: linganisha shamba linalopuliziwa na lisilopuliziwa. Ni utafiti mzuri kuliko ule wa barabara, kwa kuwa mkulima anaweza kukwambia alipulizia lini.

21. Hatuna miti. Tutumie kuta na nguzo?

Kuta za saruji na vigae vinafaa kufundishia maumbo tu. Saruji ina alkali, na likeni zake ni nyingine kabisa. Nguzo za umeme na za uzio zilizotiwa dawa zisitumike. Dawa hiyo imewekwa kuzuia kuvu.

22. Tunaweza kuhamishia likeni barabarani tuone kama zitakufa?

Njia hiyo ipo na ni halali kisayansi. Chukua tawi lililoanguka lenye likeni jani hai, likate vipande kumi vya sentimita 15. Funga vitano kwa uzi wa nailoni barabarani na vitano mahali pasafi, urefu na kivuli sawa. Piga picha kila baada ya wiki mbili, ukiweka kando kadi ileile ya rangi. Vile vitano vya mahali pasafi ndivyo muhimu: vikipauka navyo, ukavu au kuhamishwa ndiko kumeviua. Anzeni mwanzo wa mvua, na likeni isitoke mlimani kwenda pwani.

23. Karatasi ya litimasi inahusianaje na likeni?

Rangi ya litimasi, ile inayogeuka ikigusa asidi au alkali, asili yake ni likeni, hasa za jamii ya *Roccella*. Likeni za jamii hiyo zilikusanywa pwani ya Afrika Mashariki na kusafirishwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19 kwa ajili ya viwanda vya rangi vya Ulaya. Mwalimu wa kemia anaweza kuingilia hapo. Jaribio la kudondoshea jiki kwenye likeni, ambalo wataalamu hulitumia kutambua aina, mwalimu alifanye mwenyewe kwenye kipande kilichookotwa, akiwa na glavu na miwani, na kamwe isichanganywe na asidi.

24. Turudie zoezi kila muhula?

Likeni hazibadiliki kwa kasi hiyo, na tofauti ya muhula mmoja itakuwa ya wahesabuji. Rudieni kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mwezi uleule, kwenye miti ileile. Chora ramani yenye umbali kutoka kona ya jengo, maana chaki itafutika na rangi ya mafuta itaharibu gome. Kwenye mti mmoja wa kila sehemu, bandika karatasi angavu ya plastiki juu ya likeni jani moja na ufuate ukingo wake kwa kalamu isiyofutika. Tia alama mbili za nyufa za gome ili karatasi irudishwe palepale, na uandike tarehe. Ihifadhi kwenye faili la shule, siyo kwenye daftari la mwanafunzi wa darasa la mwisho.